Mpaka Usikie Amina

Hotelini, kaskazini mwa Mombasa
18 Machi 1973

Dada yangu Nyanchera,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima, kuanzia Tata mpaka yule ng'ombe mkorofi aliyenipiga teke Desemba. Mimi nimenenepa. Joto la huku tumezoeana, na Sabato tunakutana waumini wachache katika darasa la shule moja ya jirani, kwa hiyo Tata, baba yetu, asikose usingizi kwa ajili ya roho yangu.

Naandika Kiswahili makusudi. Tata akiichukua barua hii mezani ataambulia jina lake na salamu tu. Mengine utamtafsiria wewe, na najua hutamtafsiria yote.

Je, yule mwalimu Ratemo wa Nyakoe bado anapiga baiskeli kila Jumapili kuja kwako kuazima chaki? Shule yao mwaka wa pili huu haina chaki? Mwonee huruma, dada.

Sasa habari yenyewe. Udobi nimeuacha. Hoteli imefungua idara ya kuzamia. Mtu anafungwa mgongoni mtungi wa chuma uliojazwa hewa, anauma mpira mdomoni, anapumua kupitia mpira huo, na anashuka chini kabisa kuangalia samaki. Mwalimu ni Mjerumani, Bwana Dieter. Alitaka kijana wa kubeba mitungi na kushuka na wageni. Akauliza nani anajua kuogelea, nikainua mkono, maana mwaka jana nilijifunza ufukweni kwa kujitupa na kujitoa mwenyewe.

Nikatiwa darasani pamoja na wageni. Siku nne, Nyanchera! Asubuhi mbili bwawani, maji ya kifuani. Mchana mmoja wa maelezo ya Kijerumani, mimi nikikatiwa vipande kwa Kiingereza. Halafu baharini. Mtihani aliusoma Bwana Dieter mwenyewe, na ukikaribia jibu lenyewe anatikisa kichwa kukutia moyo. Tulipita wote. Nina kadi yenye picha yangu na muhuri, na kadi hiyo inasema naweza kuzamia popote duniani.

Nilipoipokea nilikukumbuka wewe. Kumbuka ulivyonirudisha nyuma mara mbili katika darasa lako la ubatizo, mbele ya vijana wote wa Nyaramba, eti sijawa tayari. Mara ya kwanza nilijibu maswali yote, ukasema nimekariri. Mara ya pili ukaniuliza kama naogopa maji, nikasema siogopi, ukasema magoti yangu yanasema vingine. Na yale mazoezi ya uwanjani, kuangukia mkono wako nimefumba macho, wewe ukipiga kelele: "Bana pumzi, Makori! Bana mpaka usikie Amina!" Mwaka mzima na nusu, kwa ajili ya kuchovywa mtoni muda wa kupiga chafya. Hapa hakuna aliyeuliza habari za magoti yangu.

Mwambie mdogo wetu Ombui asikate tamaa. Kabla mwaka haujaisha kutakuwa na nafasi nyingine.

Ndugu yako mwenye kadi,
Makori


Nyaramba
8 Aprili 1973

Ndugu yangu mwenye kadi,

Tumepokea barua yako na tumeisoma. Tata hajambo, isipokuwa jino, ambalo anakataa kung'olewa kwa sababu anasema limemtumikia vizuri. Mvua imeshuka na chai inachipua kwa fujo, tunachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Ng'ombe wako anakusalimu kwa mguu uleule. Mambo ya chaki hayakuhusu.

Barua yako Ombui aliisoma sokoni kwa sauti, akasimama juu ya sanduku la soda. Tangu amalize kidato cha nne anachuma chai kama mfungwa, na sasa amepata pa kutazamia. Nimemwambia asubiri. Hakunisikia, naye ana masikio mazuri.

Umefurahi, na sitaki kukuharibia. Lakini mimi ni mwalimu, nitauliza tu. Katika hao mliosoma pamoja, nani alishindwa? Ulisema hakuna. Je, kama mmoja hakuelewa, Bwana Dieter alijuaje? Mtungi ukiisha hewa ungali chini, unafanya nini? Maji yakiingia ndani ya miwani, unafanya nini? Nijibu kwa maneno yako mwenyewe, usinikaririe.

Na kwa nini nilikurudisha nyuma, hukuwahi kuniuliza, ulinuna tu. Mara ya pili magoti yako yalikuwa yanatetemeka, na mdomo wako ukasema hayatetemeki. Yule mama wa ng'ambo ya mto unamkumbuka? Alificha hofu yake hivyohivyo, na siku ya ubatizo akamkaba mchungaji shingo, wakaenda chini wote wawili. Watu walicheka, lakini mimi ndiye niliyeshika mguu wa mchungaji kumvuta nje, wala sikucheka. Kuogopa si kosa. Nilitaka tu useme, ili nikushike vizuri zaidi.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonipa usingizi. La maji nilikufundisha mimi mwenyewe. Siku hofu ikikushika huko chini, fanya kama uwanjani. Bana pumzi, tulia, na usiiachie mpaka kichwa kiwe nje.

Dada yako,
Nyanchera


Hotelini
30 Mei 1973

Dada Nyanchera,

Salamu kwa wote. Barua yako nimeipata. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya mafua ya kifua. Sasa ni afadhali.

Kazi inaendelea. Wageni ni wachache msimu huu wa mvua. Ombui asije kwanza. Nafasi haijawa wazi.

Msalimu Tata.

Makori


Nyaramba
24 Juni 1973

Makori,

Sisi tupo. Jino limeng'oka lenyewe, Tata analionyesha kila mgeni.

Ile ni barua gani uliyoniandikia? Hukunitania hata mara moja. Hukuuliza chaki. Maswali yangu hukuyajibu, na mwandiko wako unapanda na kushuka kama wa mtoto wa darasa la pili. Mimi nasahihisha madaftari ya watoto hamsini kila siku, najua mkono uliochoka na mkono unaoficha. Mafua gani hayo ya mwezi mzima, kwenye joto hilo?

Ombui naye amekasirika. Anasema umeshiba, sasa unataka kula peke yako. Nilikutetea, lakini nilikutetea bila kujua natetea nini, na hiyo ni kazi ngumu. Akiniuliza kwa nini asije, sina la kumwambia. Niandikie ukweli nimpe sababu.

Ukinyamaza tena nitamwambia Tata, naye atauza ndama aje huko mwenyewe. Unajua hatanii.

Nyanchera


Hotelini
15 Agosti 1973

Dada yangu,

Pokea salamu zangu na usimuuze ndama. Mimi ni mzima, na safari hii nasema kweli. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza mara nyingi.

Mwisho wa Aprili nilishuka na wageni watatu, mahali penye kina cha kama mti mrefu wa mkaratusi. Mgeni mmoja alinipiga na mguu bila kukusudia, miwani ikachezacheza, maji yakajaa machoni na puani. Hilo la miwani hatukulifanyia mazoezi. Bwawani tulikuwa tunasimama tu, kichwa kinatoka juu, unaimwaga. Pale hapakuwa na pa kusimama. Nikaogopa, Nyanchera. Magoti yaleyale. Nikapiga maji kwenda juu kwa nguvu zangu zote, na nikabana pumzi.

Nilipotoka juu kifua kilikuwa kinawaka. Nikakohoa povu lenye damu. Shingo ikavimba, ukiigusa inalia chini ya ngozi kama majani makavu, na sauti ikawa nyembamba. Nililazwa hospitali. Hata barua ile ya Mei niliiandika nimelala chali.

Daktari alinieleza taratibu. Hewa ya mtungi imeshindiliwa. Ukiwa chini, maji yanaibana ndani ya kifua chako, na ukipanda inafutuka. Ukiiachia itoke mdomoni, hakuna neno. Ukiibana, inafanya kama uji unaochemka chini ya mfuniko mzito, itatoka tu, ila kwa njia yake yenyewe. Akasema nina bahati, wengine hufa palepale au hupooza. Halafu akauliza, "Hili hukufundishwa siku ya kwanza? Ndilo la kwanza kabisa." Nikaona aibu kwa niaba ya mwalimu wangu, nikasema labda sikusikia vizuri.

Nilipotoka nilimwuliza Bwana Dieter. Akafungua kitabu chake cha Kijerumani akanionyesha ukurasa. Lipo. Ni sura aliyoiruka mchana ule kwa sababu wageni walitaka kwenda mjini kununua vinyago kabla maduka hayajafungwa. Usimchukie. Alikuja hospitali na machungwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Lakini nilipomwambia aongeze siku za mafunzo, alisema, "Makori, hawa wana likizo ya wiki mbili. Nikiwafundisha wiki mbili, watakwenda hoteli ya jirani, kule watapewa kadi kwa siku tatu." Na ni kweli, dada, kule ni siku tatu.

Kwa hiyo nimemwomba mafunzo ya bwawani niyafanye mimi, asubuhi, kabla hajaamka vizuri. Nawapeleka upande wenye kina. Nawaambia wapande polepole huku wakisema "A-a-a" ndani ya ule mpira, bila kukata, na neno lenyewe walimalize kichwa kikiwa nje: Amina. Anayekata sauti katikati anarudi chini kuanza upya. Wanacheka, lakini wanasema. Wajerumani wanavuta Amina ndefu kuliko kwaya yetu.

Mtoni ulinifundisha sawasawa. Huku ni maji mengine, na hakuna aliyeniambia. Sasa unayo sababu ya kumpa Ombui.

Ndugu yako,
Makori


Nyaramba
9 Septemba 1973

Makori, mtoto wa mama yangu,

Leo salamu zitakuja mwishoni.

Umenieleza kila kitu, kina cha maji, machungwa, maduka ya vinyago. Jambo moja hukulisema. Hukusema kama barua yangu ya Aprili ilikuwa imekufikia kabla ya siku ile. Nimeisoma barua yako nikilitafuta hilo mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Basi nimejua. Usinijibu hapo, tafadhali. Ukinijibu kwamba haikuwa imefika sitakuamini, na ukisema ilikuwa imefika sitalala.

Sabato iliyopita nilisimama mbele ya darasa langu, kijana akaangukia mkono wangu, nikafungua mdomo kusema "bana pumzi," sauti haikutoka. Mzee Ogari, mzee wetu wa kanisa, alidhani nimeshikwa na homa akaniletea maji.

Sasa lililo zito. Sababu ya kumpa Ombui nimeipata, lakini Ombui sinaye. Barua yako ilifika Jumatano. Yeye aliondoka Jumatatu alfajiri, akapanda basi Kisii, na barua yako ya Machi mfukoni, ile yenye habari za kadi na muhuri. Tata alimpa nauli bila kuniambia, kwa kuwa wote wawili walijua nitakataa. Kufikia sasa labda yuko mlangoni pako.

Unamjua. Wewe ukiogopa magoti yanatetemeka, mtu anaona. Yeye akiogopa anatabasamu.

Mrudishe nyuma. Mara mbili, mara kumi, sijali atasema nini. Tata anakusalimu, na ng'ombe pia.

Nyanchera


Hotelini
21 Oktoba 1973

Dada Nyanchera,

Pokea salamu zangu na za Ombui, ingawa zake nimeziongeza mimi. Alifika akiwa na kikapu cha ndizi zilizoiva njiani, nusu amezila na nusu amewagawia abiria. Alinikumbatia hadi nikasikia maumivu kifuani, nikamwambia ni mbavu tu. Baadaye nilimweleza yote. Nikamwonyesha na cheti cha hospitali. Akasema, "Pole sana, kaka. Lakini mimi nimeshaambiwa, kwa hiyo halitanipata."

Ni mwepesi kushinda mimi. Kuogelea amejua kwa muda mfupi. Wageni wanampenda, Bwana Dieter anampenda, na Kijerumani ameanza kukivunja. Ukimwuliza kwa maneno anakujibu yote bila kukosea. Tatizo ni maji yenyewe. Bwawani, upande wa kina, namvua miwani bila kumwonya, namwambia apande na Amina yake. Mara tatu anaifanya vizuri, mara ya nne hofu inamshika, sauti inakatika, mashavu yanavimba. Na akitokeza juu anatabasamu. Mara ya nne hiyo ndiyo itakayomuua, na hataki kuiona.

Nimemkatalia kadi mara mbili. Mara ya pili alitupa miwani chini akaniambia, "Wewe na Nyanchera ni walewale. Mnapenda watu wabaki nyuma yenu." Tunalala chumba kimoja tukipeana migongo.

Nilidhani kukataa kwangu kunatosha. Hakutoshi. Kadi haitiwi sahihi na mimi. Wageni wengi watafika mwanzoni mwa Desemba, Bwana Dieter anahitaji watu, na ameshasema kadi ya Ombui ataitia sahihi mwenyewe. Nilipomweleza habari ya mara ya nne, alijibu kwamba mara tatu kati ya nne ni alama nzuri. Siku ya kwanza ya Desemba Ombui atashuka na wageni mahali palepale.

Mimi hanisikilizi tena. Wewe ukimwandikia atachana barua kabla ya kuimaliza. Mtu mmoja tu duniani anaweza kumtoa hapa, nawe unamjua, lakini Tata ndiye aliyempa nauli, na akiandika kwamba arudi, Ombui atajua ni wewe uliyeshika kalamu.

Sijui nikuombe nini. Kwa hiyo sikuombi kitu. Nakuambia tarehe tu.

Makori


SIMU YA MAANDISHI
KISII, 26 NOVEMBA 1973

TATA MGONJWA SANA. OMBUI AJE UPESI. MAKORI ABAKI KAZINI. NYANCHERA


Hotelini
2 Desemba 1973

Nyanchera,

Sijui nianze kwa salamu gani. Ombui aliondoka jioni ileile simu ilipofika, na viatu vyangu. Alilia kituoni akaniambia nimsamehe, nikamwambia hakuna la kusamehe.

Mimi je? Umeniambia nibaki kazini. Mtu anaambiwaje abaki kazini baba yake akiwa mgonjwa sana? Nimelikalia neno hilo usiku na mchana. Dakika moja naona nimeelewa, nashusha pumzi. Dakika inayofuata naona labda unaniandaa taratibu kwa msiba, kama ulivyofanya wakati wa mama. Nina nauli mfukoni. Niambie ukweli upesi.

Wageni walishuka jana. Nafasi ya Ombui amepewa mpishi mmoja aliyepata kadi yake wiki iliyopita. Nilikuwa nimemfanyisha Amina bwawani kila asubuhi niliyoweza. Nilishuka naye begani kwa bega, akapanda salama. Safari hii. Nimewaza kuacha kazi hii, dada, na kila nikiwaza, naona mtu mwingine anavaa mtungi, na hakuna wa kumwambia. Kwa hiyo nipo bado.

Makori


Nyaramba
22 Desemba 1973

Ndugu yangu Makori,

Tata ni mzima. Naliandika hili kwanza kabla ya salamu. Hakuumwa hata siku moja. Siku nilipomfanya mgonjwa sana alikuwa kituo cha chai akigombana na karani kwamba majani yake yamerudishwa kwa uonevu. Barua yako ilinifikia juzi, na kwa zile siku ulizokaa na nauli mfukoni, nisamehe. Nilitafuta namna ya kukupa dalili ndani ya maneno machache, yasiyoonwa na Ombui. Nilipata hilo la kubaki kazini tu.

Nilikwenda Kisii kwa baiskeli ya Ratemo, nimekaa nyuma, nimefunga kitambaa usoni kama mwizi. Aliniuliza njiani tunakwenda kufanya nini, nikasema kudanganya. Akaendelea kupiga pedali bila kuuliza tena, na hapo ndipo nilipoanza kumfikiria vizuri. Karani wa posta alisoma maneno yangu akasema, "Pole sana, Mwalimu, Mzee anaumwa nini?" Nikasema kifua. Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Ombui alifika Alhamisi ya wiki ileile akikimbia kutoka barabarani. Alimkuta Tata kwenye mgomba, anakata mkungu. Akakaa chini kwenye matope akalia kama mtoto. Tata akamwuliza, "Nani amekwambia mimi mgonjwa?" Kisha akanitazama usoni, akaelewa, akaanza kukohoa. Alikuwa amechelewa, lakini nilimpenda sana kwa kikohozi kile.

Hasira ya Ombui sitaieleza. Alisema nimemwibia maisha yake. Nilimsomea barua yako ya Agosti na ya Oktoba, zote, hata yale uliyoandika juu ya tabasamu lake na mara ya nne. Alitoka nje, na hajanisemesha tangu siku hiyo. Lakini jana nilikuwa shambani, nikasikia mtu anapanda mteremko na kikapu cha chai mgongoni, anavuta sauti, A-a-a, mpaka juu kwenye njia. Aliponiona akanyamaza, akajifanya anapiga miayo. Nikaendelea kuchuma. Akirudi huko mwaka ujao, atarudi akiwa ameimaliza Amina yake, na atakayesema ameimaliza si yeye wala Bwana Dieter. Utasema wewe.

Sasa langu. Leo darasa langu limebatizwa, vijana kumi na mmoja. Sikusimama nao. Jana jioni nilimwendea Mzee Ogari nikamweleza kuhusu simu, kwa sababu mwalimu wa darasa lile ndiye anayewauliza vijana mbele ya kanisa kama wamejuta dhambi zao, nami sikuweza kuuliza swali hilo nikiwa na uongo wangu mkavu mfukoni. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri umesema. Unajuta?"

Nikafikiri sana, Makori. Nilitaka kujuta. Nikamwona Ombui juu ya maji akitabasamu. Nikasema, "Bado."

Mzee Ogari ananipenda, unajua, alinifundisha kusoma. Akasogeza kiti, akapunguza sauti. "Mwalimu, sema tu unajuta. Ni neno moja. Vijana wanangoja, mchungaji amekuja kutoka mbali, tupite, tuendelee." Alikuwa ananitikisia kichwa kunitia moyo.

Nilimshukuru, nikakataa. Basi wamenivua ualimu wa darasa, na wamesema nikae na wanafunzi wapya Januari, nianze upya tangu somo la kwanza. Nimewekwa nyuma mbele ya Nyaramba yote, na nimelia, siwezi kukudanganya wewe pia. Lakini walifanya sawa. Sikuwa tayari.

Leo nilikwenda mtoni kama mtazamaji. Nilikaa ukingoni kwenye nyasi, na kila kijana alipoinamishwa, nilikuta nimebana pumzi yangu pamoja naye mpaka kanisa liseme Amina. Wa mwisho alipotoka nilipumua kwa nguvu, watu wakageuka.

Ombui alikuwa amekaa nyuma yangu kidogo, hakutaka tuonekane pamoja. Sasa hivi yuko jikoni anakula ugali, sahani ya pili, namsikia anavyopumua kwa pua akitafuna. Nimemwuliza kama ana salamu za kukutumia. Hakujibu. Kwa hiyo nakusalimu mimi, kwa niaba yake, mpaka atakapokuwa tayari.

Dada yako,
Nyanchera